Michakato inayozaana baada ya kusasisha programu

Swali: Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani chai, Bomet. Tangu tusasishe programu ya mizani kwenye kompyuta ya Ubuntu, michakato inazaana hadi mashine inaganda. Nikiizima, inarudi. Nifanyeje?

Jibu: Mtafute mzazi wake kwa `ps -ef --forest`. Huenda ni huduma inayoanguka, systemd ikaiwasha tena na tena. Isimamishe kwa `systemctl stop`, kisha usome sababu kwa `journalctl -u`, ukitaja jina la huduma. Faili `/var/log/apt/history.log` huonyesha toleo la zamani. Nakili kwanza rekodi za kilo, maana ndizo malipo ya mkulima. Kisha rudisha toleo hilo la zamani na ulizuie lisisasishwe kwa `apt-mark hold`.