Sentensi ya Mwisho ya Tangazo

Tangazo la biashara huishia kwenye mwito: sentensi inayomwambia msomaji afanye nini sasa. Muuza miche ya parachichi wa Ibighi, pale Tukuyu wilayani Rungwe, akiandika kwenye kibao chake "Karibuni wateja wote", amekaribisha watu lakini hajamwomba mtu kitu. Mpita njia husoma, hukubali moyoni kuwa miche ni mizuri, kisha hushika njia yake.

Kukubali ni jambo moja, kutenda ni jingine. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake waliwagawia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale vijitabu kuhusu pepopunda, baadhi vya kutisha. Waliotishwa walisema wanaitaka chanjo, lakini waliokwenda kuchanjwa walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Waliopewa pia ramani ya kituo cha afya na kutakiwa kupanga saa ya kwenda walifika 28. Hofu ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni mahali na wakati.

Kibao kikiandikwa "Piga simu leo uwekewe miche ya Hass iliyobebeshwa, uichukue Jumamosi", msomaji ana kitendo kimoja, chepesi, chenye siku yake. Kikimtaka apige simu, atembelee bustani na kufuatilia ukurasa wa Instagram kwa pamoja, kimemwachia kazi ya kuchagua, na wengi wakifika hapo huahirisha.

Mfano mkubwa nchini Tanzania ni kampeni ya elimu ya afya iitwayo Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Vipindi vya redio vilisikilizwa kwa vikundi. Kikundi kilijadili, kikaamua kuchimba vyoo au kufukia madimbwi. Uamuzi uliotamkwa mbele ya majirani ni mgumu kuukwepa, na choo cha jirani kikionekana, maneno mengi hayahitajiki tena. Nguvu hii ya majirani ndiyo ambayo waandishi wa matangazo huisahau mara nyingi.

Nguvu nyingine ni hofu ya kukosa: wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Ndiyo maana "usikose" huvuta. Lakini ukomo uwe wa kweli: muuzaji anayetangaza kila wiki kwamba imebaki miche michache hujulikana upesi, maana wateja wake ni majirani. Rungwe ina ukomo wake halisi, nao ni mvua. Tarehe iandikwe pamoja na sababu: mche unaopandwa mvua zinapoanza hushika mizizi kabla ya kiangazi cha Juni.