Mas'ala ya Pua Iliyopasuliwa kwa Urembo

Swali: Ndugu yetu wa pwani, afanyaye biashara Makambako na Njombe, alipasuliwa pua apate uzuri; sasa imepinda, na pumzi zampita kwa dhiki. Je, yafaa apasuliwe tena?

Jawabu: Kupasua kiungo kizima kwa urembo tu ni kubadili umbo la Mwenyezi Mungu, basi na atubu. Ama kuondoa dhiki ya pumzi ni dawa, nayo ni halali. Arfaja bin As'ad alikatwa pua siku ya vita vya Kulab, akavaa ya fedha, ikanuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha avae ya dhahabu, hali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Lakini asifanye haraka: uvimbe huweza kuchukua mwaka mzima kwisha. Nasi tusimcheke. Wallahu aalam.