Msumeno wa Meza Unapokataa Kuwaka: Anza na Saa, Siyo Mota

Karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, vitanda na makabati hupangwa kando ya barabara tangu asubuhi, na nyuma yake misumeno ya meza hulia hadi jioni. Mingi imeundwa papo hapo na mafundi wa jua kali: fremu ya vyuma iliyochomelewa, meza ya bamba, mota yenye nguvu farasi 2 au 3, mkanda na bledi. Ni mashine ngumu. Lakini ikianza kukataa, hukataa kwa zamu. Asubuhi inawaka vizuri, saa nane mchana inavuma tu bila kuzunguka, kesho yake inawaka tena kana kwamba haikuwa na neno.

Hapo ndipo jirani anapopita, anasikiliza mvumo na kutoa hukumu: “Omera, hiyo mota imekwisha.” Basi mota inafunguliwa, inapakiwa kwenye bodaboda na kupelekwa kufungwa waya upya. Kazi hiyo ni ghali, na mara nyingi si hiyo iliyohitajika. Mota iliyoungua haiponi usiku na kuamka nzima asubuhi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka mara nyingi hukaa mahali pengine: kwenye stima inayoingia, kwenye swichi, kwenye kapasita, au kwenye kitu kinachoizuia bledi kuzunguka.

Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, seremala ashike kalamu. Kila msumeno unapokataa, aandike ni saa ngapi, mota ilikuwa baridi au ya moto, nani mwingine alikuwa anatumia stima, na sauti ilikuwaje: kimya kabisa, mlio mmoja wa swichi, au mvumo mrefu. Nimeona ukurasa mmoja wa daftari la shule ukimaliza ubishi uliodumu msimu mzima.

Katika karakana moja niliyoitwa, ukurasa huo ulionyesha kwamba msumeno haukuwahi kukataa mapema asubuhi. Ulikataa pale tu mchomeleaji wa geti, upande wa pili wa ukuta, alipokuwa kazini. Tulipima stima kwenye soketi ya msumeno wakati yeye anachomelea. Badala ya volti 240, mita ilisoma karibu 200. Pungufu hilo laonekana dogo, lakini nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua kwa mraba wa volti. Kwa volti 200, mota hubaki na takriban asilimia 69 tu ya msukumo wake wa kuanzia. Taa zinawaka, redio inaimba, na msumeno unavuma papo hapo ulipo.

Nyaya za kurefushia huongeza balaa. Mota ya nguvu farasi 2 inaweza kuvuta ampea 50 au zaidi kwa kitambo kile kifupi cha kuanza. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, uliovutwa mita 30 kutoka soketi, utapoteza takriban volti 36 kwenda na kurudi. Ukitumia wa milimita mraba 2.5, hasara inashuka hadi kama volti 22. Ndiyo maana kupima wakati msumeno umetulia hakusaidii kitu. Mita isomwe upande wa msumeno, wakati kitufe kinabonyezwa. Ikiwa volti zinaporomoka hapo, dawa ni waya mnene na mfupi, au kupatana na jirani kuhusu saa za kazi.

Stima ikiwa nzuri, chomoa plagi, toa mkanda, kisha jaribu mota peke yake. Ikiwaka bila mkanda kila mara, lawama iko mbele yake: mkanda uliokazwa kupita kiasi, beringi zilizokauka, utomvu wa misaipresi uliogandamana kwenye bledi, au unga wa mbao ulioshindiliwa chini ya meza. Huku ufuoni, kama kule Dunga ambako mitumbwi hujengwa, mbao mara nyingi ni mbichi na hewa ina unyevu. Unga wake hushikana na kukauka ukawa mgumu kama udongo wa ukutani. Plagi ikiwa nje, zungusha bledi kwa mkono uliovaa glavu. Inapaswa kuzunguka kwa wepesi, bila kukwaruza.

Mota ikivuma hata bila mkanda, sasa tuifungue. Stima ya fezi moja haiwezi peke yake kuianzisha mota. Inahitaji waya wa kuanzia, kapasita, na swichi ndogo inayofunguka kwa nguvu ya mzunguko. Swichi hiyo huwa imefunga mota inapotulia, na hufunguka mwendo ukifika kama asilimia 75 ya kasi kamili. Kwa mota ya mizunguko 1,440 hivi kwa dakika, hiyo ni karibu 1,080. Ina sauti yake. Zima msumeno uliokuwa ukizunguka, kisha tega sikio: mwendo ukipungua, kabla bledi haijasimama, utasikia “ta!” moja kavu. Ni swichi inarudi mahali pake. Usipoisikia, huenda imekwama wazi kwa vumbi, na utakapowasha tena mota itavuma tu. Kuipuliza, kuisafisha na kulainisha ncha zake ni kazi ya muda mfupi, na ninaamini imeokoa mota nyingi zilizokuwa njiani kwenda kufungwa upya.

Kapasita iliyovimba au kuvuja haihitaji kipimo, itolewe. Isiyoonyesha dalili ipimwe kwa mita yenye maikrofaradi. Lakini hata plagi ikiwa nje, kapasita inaweza kubaki na stima ya kumtupa mtu. Imalizwe kwanza kwa kuunganisha balbu ya nyuzi kwenye ncha zake mbili, wala isigongwe kwa bisibisi. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, na volti zisizo chini ya zile za awali.

Wapo wanaousaidia msumeno unaovuma kwa kuisukuma bledi kwa kipande cha ubao. Naomba tabia hii iachwe. Mota ikishika ghafla, ubao unaweza kurushwa usoni, na vidole viko karibu na meno.

Swichi ya kuwashia nayo ina hadithi yake. Ile yenye kitufe cha kijani na chekundu hushikwa na sumaku. Volti zikiwa chini, au ncha zake zikiungua, huwaka ukiwa umebonyeza na kuzima ukiachia. Wengi huichukia, wakaweka ya taa ya nyumbani. Hilo ni kosa la hatari. Usiku wa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima kwa saa nyingi. Msumeno wenye swichi ya taa iliyosahauliwa ikiwa imewashwa huanza kuzunguka wenyewe stima inaporudi, pengine mtoto ameegemea meza. Sumaku huachia stima inapokatika, na hungoja mtu abonyeze tena. Ncha zisafishwe au swichi ibadilishwe kwa nyingine ya aina hiyohiyo.

Kwa wenye fezi tatu, mvumo huashiria mara nyingi kwamba fezi moja imekatika. Zima mara moja. Usijaribu tena hadi fundi wa stima apime fezi zote.

Na ikiwa daftari linaonyesha kwamba msumeno hukataa ukiwa wa moto pekee, tazama kitufe cha kinga ya joto, mara nyingi chekundu, ubavuni mwa mota. Kikiruka, mota imebebeshwa mzigo mno au matundu yake ya hewa yamezibwa.

Kufunga waya upya kunabaki kwa mota inayonuka vanishi iliyoungua, au ambayo stima yake inavuja hadi kwenye mwili wa chuma. Anayeipeleka aende na kapasita yake na ule ukurasa wa daftari, na mota ijaribiwe palepale kwa fundi, iwashwe na kuzimwa ikiwa baridi na ikiwa imepata moto, kabla pesa hazijatolewa.