Bethidei sebuleni: kasi kwanza, chenga baadaye

Anayeanza kupiga picha za bethidei ya mtoto ndani ya nyumba mara nyingi huambiwa akanunue kamera nzuri zaidi. Mimi nasema aliyonayo inatosha, mradi akubali kutanguliza kasi ya shata, hata picha ikitoka na chenga. Sababu iko kwenye mwanga. Jua la mchana hufikia luksi 100,000 hivi, ilhali sebule iliyowashwa taa vizuri huenda isipite 300. Macho yetu huzoea upesi, ndiyo maana sebule hatuioni kuwa na giza. Kamera ikiachwa ijiamulie hufidia kwa kuchelewesha shata, pengine hadi 1/30 ya sekunde, na ndani ya muda huo mtoto anayepuliza mishumaa ameshainama na mashavu yameshanywea. Utapata keki safi kabisa, na nyuma yake uso uliofutika.

Kwa hiyo weka kamera kwenye hali ya S au Tv, chagua 1/250, kisha iache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijirekebishe yenyewe; kadiri inavyopanda ndivyo chenga zinavyoongezeka. Hapo lenzi ndiyo inayoamua. Ile ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake hubanwa kufika f/5.6, na kwa luksi 300 utahitaji ISO 6400. Usipoivuta inabaki f/3.5 na ISO 2500 inatosha. Basi usivute, sogea. Chuchumaa uwe sawa na kimo cha mtoto, hasa wakati wa kulishana keki, kwani mwenye sherehe humwinulia uso kila anayemlisha, na aliyesimama nyuma ya wakubwa ataambulia migongo. Ukiwa na akiba kidogo, lenzi ya 50mm yenye f/1.8 itakushushia ISO hadi 640 hivi, na hakuna kifaa kingine cha bei hiyo ninachokipa heshima zaidi.

Wapo watakaosema chenga zinaharibu picha. Zinaipunguzia ulaini, ni kweli, lakini kwenye picha ya kuweka kwenye albamu ni shida kuziona, na programu nyingi huzipunguza. Uso uliotikisika ndio usio na dawa ya kuaminika. Wengine watauliza, flashi ni ya kazi gani? Ile ndogo ya kwenye kamera humpa mtoto aliye mita moja mwanga mara nne ya ule unaomfikia aliye mita mbili, hivyo wa mbele huwa weupe wa kupauka na bibi aliye nyuma humezwa na giza. Tena huua rangi ya mishumaa, ambayo ndiyo uzuri wa dakika ile. Flashi ya kupachika, inayogeuzwa ikapiga dari jeupe, hiyo naikubali.

Mwanga wa bure zaidi ni wa dirishani. Dar es Salaam jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na keki huweza kukatwa giza limeshaingia kwa sababu wageni wanasubiriwa. Sishauri kumharakisha mwenye nyumba. Omba tu meza ya keki iwekwe karibu na dirisha, umpige picha mtoto na keki yake ikiwa bado nzima, angali msafi na hajachoka.

Pingamizi ninaloliona zito ni la taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu hafifu humeta mara 100 kwa sekunde, hivyo kwa 1/250 picha huweza kutoka na mistari ya giza. Piga moja ya majaribio kabla watoto hawajajaa. Ukiiona mistari, shuka hadi 1/100 na uvizie pale mwendo unapotulia: pumzi ikiwa imevutwa, mishumaa haijapulizwa.