Poni mzee na chakula kinachokwama kooni

Swali: Poni mzee aliyeishiwa meno alishweje ili chakula kisimkwame?

Jibu: Chakula kikikwama, kinachoziba ni umio, si njia ya hewa. Ndiyo maana poni huendelea kupumua huku mate yenye chembe za chakula yakimtoka puani na shingo akiinyoosha. Chanzo huwa ni vidonge vikavu vya chakula vinavyovimba kwa mate, au nyasi ambazo magego yaliyokwisha hayawezi kuzisaga. Dalili ya mapema ni vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu vinavyodondoka karibu na hori; asiyeviona huchelewa.

Vidonge vilowekwe katika maji yanayozidi ujazo wake angalau mara mbili, hadi vikiminywa kiganjani visibaki na kiini kigumu. Uji huo ugawanywe katika milo midogo minne au zaidi kwa siku, na uliochacha umwagwe. Poni mlafi alishwe peke yake. Meno yakaguliwe na daktari wa mifugo kila miezi 6.

Akikwamwa, chakula na maji viondolewe, aachwe ainamishe kichwa, na daktari aitwe mara moja. Asinyweshwe maji wala mafuta kwa nguvu, kamwe: huingia mapafuni na kuleta nimonia.