SOMO KWA VYAMA: JE, CHAMA KINAWEZA KUMTOA MFANYAKAZI KATIKA PENSHENI YA MSINGI?

Chama cha msingi cha wakulima, kama vilivyo vyama vya Busisi na vya mwambao wote wa Ziwa Victoria, huajiri watu wachache: katibu, karani wa mizani, mtunza ghala na mlinzi. Kwa sababu ya uchache huo, huweza kuzuka katika kamati hoja inayosikika kuwa ya busara: "Sisi tutawawekea watu wetu akiba hapa hapa chamani. Ya nini kupeleka fedha Mwanza?" Somo hili linaeleza kwa nini hoja hiyo ni ya hatari, na nani hulipa gharama yake mwishoni.

1. Maana ya kujitoa

Katika nchi kadhaa sheria humruhusu mwajiri kuwatoa wafanyakazi wake katika sehemu fulani ya mpango wa pensheni wa Serikali, kwa sharti kwamba atawaweka katika mpango mwingine uliokubaliwa. Jambo la kushika ni maneno haya mawili: "sehemu fulani". Kujitoa kihalali hakugusi msingi. Hugusa nyongeza iliyo juu ya msingi. Mifano miwili itafafanua.

2. Mfano wa Uingereza

Kuanzia Aprili 1978, pensheni ya Serikali ya Uingereza ilikuwa na tabaka mbili. La kwanza lilikuwa pensheni ya msingi, iliyotegemea miaka ambayo mtu amechangia. La pili lilikuwa pensheni ya nyongeza, iliyolingana na mshahara. Mwajiri mwenye mpango wake mzuri aliweza kuwatoa wafanyakazi wake katika tabaka la pili. Yeye na wafanyakazi wake walichangia kiasi kidogo zaidi Serikalini, na ile nyongeza ililipwa na mpango wa mwajiri. Pensheni ya msingi ilibaki pale pale.

Utaratibu huo ulikomeshwa Aprili 2016, tabaka zote mbili zilipounganishwa kuwa pensheni moja. Hapo wengi walistaajabu kuona hesabu yao ya kuanzia imepunguzwa. Sababu ilikuwa wazi: kwa miaka waliyojitoa walikuwa wamechangia pungufu, na fungu hilo lilitazamiwa kutoka katika mpango wa mwajiri. Anayejitoa hapati mara mbili. Basi kila anayejitoa hana budi kujua ni nani atakayemlipa kile alichokiacha.

3. Mfano wa Kenya

Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria mpya ya NSSF mwaka 2013. Baada ya mashauri marefu mahakamani, michango ya viwango vipya ilianza kukatwa Februari 2023. Mfanyakazi huchangia asilimia 6 na mwajiri asilimia 6. Mshahara hugawanywa katika madaraja mawili: Daraja la Kwanza ni fungu la chini la mshahara, na Daraja la Pili ni fungu lililo juu yake hadi kikomo kilichowekwa.

Katika mwaka wa kwanza wa utekelezaji, kikomo cha chini kilikuwa Sh. 6,000/= na cha juu Sh. 18,000/= za Kenya. Mwenye mshahara wa Sh. 18,000/= alihesabiwa hivi, fungu lake na la mwajiri pamoja:

Daraja la Kwanza: Sh. 720/=
Daraja la Pili: Sh. 1,440/=

Zile Sh. 1,440/= mwajiri aliruhusiwa kuzipeleka katika mpango mwingine, baada ya kupata kibali cha mamlaka inayosimamia mafao ya uzeeni. Zile Sh. 720/= hakuruhusiwa kuzigusa; lazima ziingie NSSF. Hapa tena mlango wa kutokea umewekwa kwenye nyongeza, wala haukuwekwa kwenye msingi.

4. Hali ilivyo Tanzania Bara

Mfuko wa Akiba wa Taifa, NPF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1964, na kazi yake ilikuwa kulipa akiba kwa mkupuo. Sheria ya mwaka 1997 iliugeuza kuwa NSSF, mfuko unaolipa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe. Mfanyakazi aliyeajiriwa na chama cha msingi mahali pake ni NSSF.

Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Fungu linalobaki ni lake mwenyewe. Chama kinaruhusiwa kuanzisha mpango wa ziada, lakini mpango huo huongezwa juu ya NSSF, hauchukui nafasi yake. Akiba ya SACCOS, mfuko wa kufa na kuzikana, au kiinua mgongo kilichoahidiwa na kamati, vyote ni vitu vyema, ila hakuna hata kimoja kinachomwondolea mwajiri wajibu wa mchango. Wala mfanyakazi mwenyewe hawezi kusamehe kwa kutia sahihi kwamba hataki kukatwa.

Ifahamike pia kwamba hali ya Zanzibar ni nyingine. Huko, tangu Aprili 2016, Serikali hulipa pensheni jamii kwa kila mkazi aliyetimiza masharti na kufikia umri wa miaka 70, hata kama hakuchangia kamwe. Bara hakuna pensheni ya namna hiyo kwa wote. Mfanyakazi wa chama ambaye hakuchangiwa hana msingi mwingine wa kuuangukia.

5. Hesabu ya miezi

Ili kupata pensheni ya uzee ya kila mwezi kutoka NSSF, mwanachama hutakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na awe amefikia umri wa kustaafu: miaka 60, au kuanzia 55 kwa hiari. Asiyetimiza miezi hiyo hulipwa mkupuo tu.

Tuchukue mfano. Mlinzi wa ghala anaajiriwa akiwa na umri wa miaka 42, kwa mshahara wa Sh. 300,000/=. Hadi miaka 60 atakuwa amefanya kazi miezi 216, inayotosha na kuzidi. Lakini kamati inachelewa kumwandikisha kwa miaka minne, kwa kuwa "tunamwekea hapa hapa". Miezi 48 inapotea.

216 − 48 = 168

Amepungukiwa miezi 12. Chama kimebakiza fungu lake la Sh. 30,000/= kwa miezi 48, jumla Sh. 1,440,000/=. Kwa kiasi hicho, mzee aliyelinda pamba ya wanachama usiku kucha kwa miaka 18 amekosa pensheni ya maisha yake yote. Na chama nacho hakikupata faida, kwa maana mchango usiolipwa ni deni, na huongezewa adhabu ya ucheleweshaji. Mkaguzi akilibaini, litalipwa kutoka katika ziada ya wanachama.

6. Wajibu wa katibu

(a) Aandikishe kila mfanyakazi mara anapoajiriwa, akiwamo mlinzi.
(b) Alipe mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kwisha, na kutunza stakabadhi.
(c) Ampe mfanyakazi nafasi ya kulinganisha hati ya mshahara na taarifa yake ya NSSF walau mara moja kwa mwaka.
(d) Akigundua miezi iliyorukwa, aifikishe mbele ya kamati ili deni lilipwe mfanyakazi angali kazini.
(e) Amwulize mfanyakazi mpya kama amewahi kuchangia mfuko mwingine, ili miezi hiyo isisahauliwe.

Zamani safari ya ofisi ya Mwanza ilingoja pantoni. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, na umbali si sababu tena.

7. Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Chama chetu kina wafanyakazi wangapi, na wangapi kati yao wameandikishwa NSSF?
2. Kila mmoja amekwisha kuchangiwa miezi mingapi? Atafikisha 180 kabla ya miaka 60?
3. Wanachama wakulima hawakuajiriwa na chama, lakini wanaweza kujiandikisha NSSF kwa hiari. Ni wangapi wangependa kufanya hivyo msimu ujao, fedha za pamba zitakapolipwa?