Barua za Cyrano: Somo juu ya Ndoa na Ukweli



Mwezi huu tutajifunza kutoka katika mchezo wa kuigiza wa Kifaransa uitwao Cyrano de Bergerac. Uliandikwa na Edmond Rostand, ukaonyeshwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi Desemba 1897. Mambo yake ni ya miaka ya 1640 hadi 1655. Cyrano alikuwa mtu wa kweli, askari na mwandishi, lakini kisa hiki cha mapenzi alikitunga Rostand.

Cyrano ni hodari wa upanga na wa maneno, ila ana pua kubwa mno. Anampenda binamu yake Roxane, wala hathubutu kumwambia, kwa kuogopa kuchekwa. Roxane naye amempenda Christian, kijana mzuri wa sura lakini mzito wa kusema. Basi Cyrano anakubali kumwandikia Christian barua. Usiku mmoja, chini ya roshani ya Roxane, yeye ndiye asemaye maneno ya mapenzi gizani, na Roxane anadhani ni Christian. Usiku ule ule ndoa inafungwa kwa haraka, tena kwa hila, maana Roxane anamdanganya mtawa anayewafungisha. Mara wanaume wanaamriwa kwenda vitani Arras.

Huko Cyrano anaandika barua mara mbili kwa siku, Christian asijue. Roxane anamfuata mumewe na kumwambia kwamba sasa anaipenda roho yake, na kwamba angempenda hata kama angekuwa na sura mbaya. Hapo Christian anatambua kuwa apendwaye siye yeye. Anamsihi Cyrano aseme kweli, lakini kabla haijasemwa, Christian anapigwa risasi na kufa. Cyrano ananyamaza miaka 15, akimtembelea Roxane kila Jumamosi katika nyumba ya watawa. Siku ya kufa kwake anaisoma ile barua ya mwisho. Giza limekwisha kuingia, naye angali anasoma, maana anaijua kwa moyo. Ndipo Roxane anapofahamu yote.

Tunajifunza nini?

Kwanza, uongo wa huruma nao ni uongo. Cyrano hakutaka mali wala kumdhuru mtu. Hata hivyo watu watatu waliumia, na mmoja alikufa baada ya kutambua kwamba mkewe anampenda mwingine asiyemjua. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ya miaka 15, nayo pia ilifika mwisho.

Pili, giza na haraka havifai kuanzia ndoa. Tukumbuke Yakobo katika Mwanzo 29: asubuhi ndipo alipomwona Lea, na Lea asiyependwa ndiye aliyebeba machungu. Matangazo ya ndoa kanisani hayawezi kufichua barua aliyoitunga mwingine. Lakini zile Jumapili tatu huwapa wachumba nafasi ya kuzungumza uso kwa uso, mchana, bila msemaji wa kukodi. Vijana wanaoomba rafiki awatungie ujumbe wa simu na walifikirie hili: mtungaji siye atakayeishi na mke huyo.

Tatu, wengi humsifu Cyrano kwa kunyamaza kwake. Kunyamaza baada ya kifo cha Christian kulikuwa na heshima ndani yake. Bali kule kwa kwanza twaona kulikuwa woga. Alijibu swali ambalo Roxane hakuulizwa. Ampendaye mtu na amwambie kwa adabu, kisha akubali jibu, liwe ndiyo au siyo. Kukataliwa huuma, lakini kidonda chake hupona.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Ni nani kati ya hao watatu aliyedanganywa zaidi, na kwa nini?
2. Je, Cyrano angefanya vema kusema kweli baada ya Christian kufa?
3. Ni mambo gani wachumba wa hapa kwetu huficha mpaka baada ya arusi? Wazazi na wasimamizi wa ndoa wawasaidieje kuyasema mapema?